Bledi Imara kwa Trekta Dogo: Tazama Pini Kabla ya Bamba

Barabara ya shambani haifi kwa siku moja. Hufa pale maji ya mvua yanapokosa pa kutokea, yakatuama kwenye njia za magurudumu na kulainisha udongo, gari la kwanza likachimba, la pili likazidisha. Masika yakiisha, mkulima wa chai wa Rungwe au Kericho anabaki na njia ambayo dereva wa lori la kukusanya majani anasita kuiingia, na majani yakichelewa kufika kiwandani hushuka ubora. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Njombe naye hana muda mrefu wa kusubiri kabla maziwa hayajaharibika.

Greda kubwa haliwezi kumfikia kila mtu. Nchini Tanzania, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017, unasimamia mtandao ambao sehemu yake kubwa ni udongo na changarawe. Kenya nako mzigo kama huo umebebwa na Mamlaka ya Barabara za Vijijini, KeRRA. Ile njia ya mwisho, inayotoka barabara ya kijiji hadi zizini, ghalani au kwenye banda la kupimia majani, ni ya mwenye shamba. Kama ana trekta dogo, bledi ya kufungwa nyuma ndiyo greda lake.

Matrekta madogo tunayo, na wengi wameshanunua jembe la diski na tela. Bledi hununuliwa mwisho, tena kwa haraka. Mnunuzi hutazama rangi, hugonga bamba kwa kidole asikie unene wake, kisha huuliza bei. Miaka miwili baadaye bledi ile inayumba kama jino bovu, na hakuna fundi anayejua aanzie wapi.

Msimamo wangu ni huu: bledi inayodumu ni ile ambayo mtengenezaji ameipangia mahali pa kuchakaa. Kisu kiliwe na udongo, bushi ziliwe na pini, pini zibadilishwe. Fremu, sahani ya kuzungukia na bamba vibaki. Bledi isiyo na mpango huo nayo huchakaa, ila huchakaa mahali pasipotengenezeka.

Mzigo huishia wapi

Trekta ninalolizungumzia lina nguvu farasi 25 hadi 50 na uzito wa tani moja hadi moja na nusu. Massey Ferguson 135 ya zamani, iliyotengenezwa kati ya 1964 na 1975 na ambayo bado inalima katika mashamba yetu, nayo imo kundini. Kwenye udongo mkavu ulioshikana, trekta kama hilo huvuta kwa nguvu inayokaribia nusu ya uzito wake kabla magurudumu hayajaanza kuteleza. Tuchukue kilo 600.

Kilo 600 zikitawanyika sawasawa kwenye bledi nzima hazitishi. Tatizo huja ncha moja inapokwama kwenye jiwe au mzizi. Bledi ya mita 1.8 ina sentimita 90 kutoka katikati hadi nchani. Ncha ikizuiwa, bledi yote hutaka kugeuka, na mara nyingi kinachoizuia ni pini moja inayofungia mkao wake. Pini hiyo ikiwa sentimita 18 kutoka kwenye pini kuu ya katikati, zile kilo 600 za nchani huwa kilo 3,000 kwenye pini. Ikisogezwa hadi sentimita 25, mzigo hushuka chini ya kilo 2,200. Hapo hesabu ni ya kuvuta kwa utulivu tu. Pigo la ghafla ni jambo jingine. Nishati ya chombo kinachokwenda hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo trekta linalogonga jiwe kwa kilomita 8 kwa saa linapiga kwa nishati mara nne ya lile linalokwenda kilomita 4.

Ndiyo maana bamba lililojikunja kabisa ni nadra kuonekana, lakini matundu ya pini yaliyopanuka na kuwa umbo la yai yako kila mahali. Nguvu zote za bledi hukusanyika katikati, kwenye eneo lisilozidi ukubwa wa sinia. Hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Sahani, pini na fremu

Sahani ya kuzungukia inafaa iwe pana, na pini ya kufungia mkao ikae mbali na katikati kadiri inavyowezekana. Angalia pia kama pini hiyo imeshikwa juu na chini. Pini iliyoshikwa na mabamba mawili, moja juu na jingine chini, hukatika kwa takriban mara mbili ya mzigo unaokata pini ya chuma kile kile iliyoshikwa upande mmoja. Ukiona pini inaning'inia kwenye tundu la bamba moja jembamba, umeshaona ugonjwa wa bledi hiyo.

Pini kuu nayo inahitaji bushi inayotoka na mahali pa kutilia grisi. Bushi ikilika, fundi huing'oa na kutia nyingine. Pasipo bushi, kinacholika ni fremu yenyewe, na kila mara inajazwa kwa kuchomelea kisha kutobolewa upya, mhimili ukizidi kupinda.

Boriti inayounganisha trekta na bledi inabeba msokoto kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa ncha moja hukwama huku nyingine ikiwa huru. Bomba la mraba lililofungika pande zote hustahimili msokoto mara nyingi zaidi ya chaneli iliyo wazi upande mmoja, hata kama uzito wa chuma unalingana. Muuzaji akisifu unene wa chaneli yake, muulize kwa nini hakutumia bomba.

Mahali pa kushikia mikono ya trekta pana vipimo vya kimataifa. Mfumo wa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, ulitokana na kazi ya Harry Ferguson, mhandisi kutoka Ireland, na ulienea sana baada ya kuwekwa kwenye trekta la Ford 9N mwaka 1939. Leo vipimo vyake vimo katika kiwango cha ISO 730. Katika daraja la 1, linalotumiwa na matrekta mengi madogo, pini za chini zina unene wa milimita 22 na ya juu milimita 19; daraja la 2 lina milimita 28 na 25. Umbali kati ya mikono ya chini ni takriban milimita 683 kwa daraja la 1 na 825 kwa daraja la 2. Usiingize pini ya 22 kwenye tundu la 28 ukaenda kazini. Kwa nafasi hiyo ya milimita sita, kila jiwe hupiga nyundo kwenye tundu. Tia bushi ya kupunguzia. Ni kitu kidogo chenye faida kubwa.

Pini za chini zishikwe na masikio mawili kila upande. Pini iliyotokeza kama kidole kutoka kwenye sikio moja hupinda mapema, hasa dereva anaposogeza bledi pembeni ili ichonge mtaro.

Bamba na kisu chake

Unene wa bamba una maana, ila si kwa namna wengi wanavyodhani. Ugumu wa bamba dhidi ya kupinda hukua kwa mchemraba wa unene wake. Bamba la milimita 10 ni gumu zaidi ya mara nne ya lile la milimita 6. Uzito nao unapanda, na trekta dogo halina uzito wa kuchezea. Lakini bamba lililokunjwa vizuri katika umbo la upinde, likawekewa mbavu kwa nyuma na ukingo juu, hupata ugumu kutokana na umbo lake. Kwa trekta la nguvu farasi 25 hadi 35, milimita 6 zilizojengwa hivyo zinatosha. Kuanzia nguvu farasi 40, na kwenye ardhi ya mawe, milimita 8 hadi 10 zina hoja.

Bamba halipaswi kugusa ardhi kamwe. Kinachogusa ni kisu, yaani ukanda wa chuma kigumu uliofungwa kwa bolti ukingo wa chini. Vipimo vinavyoonekana mara nyingi ni upana wa milimita 150 na unene wa milimita 12 au zaidi kidogo. Kisu kizuri kina matundu yaliyopangwa ili upande mmoja ukilika ukigeuze na kutumia wa pili. Kisu kilichochomelewa moja kwa moja kwenye bamba kinakunyima nafasi hiyo, na siku kikiisha, mchomo wa gesi wa kukiondoa unaumiza bamba.

Chuma cha kisu kinahitaji uangalifu. Moramu yetu imejaa chembe za kwatzi na madini ya chuma, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida cha ujenzi. Kwenye barabara ya moramu, kisu cha chuma laini huisha haraka; kinachotakiwa ni chuma chenye kaboni nyingi, au chuma cha boroni kilichopashwa moto na kupozwa ili kiwe kigumu hadi ndani. Kipimo cha haraka dukani ni tupa. Ipitishe kwenye ukingo wa kisu: ikiuma na kuacha unga, chuma ni laini, ikiteleza, kimetiwa ugumu.

Mafundi wetu wengi hutumia springi za lori kutengeneza visu, na chaguo hilo lina mantiki kwa kuwa springi ni chuma kigumu chenye kaboni nyingi. Kosa ni kuzichomelea kama bati. Joto la weldi bila kupasha kwanza na kupoza taratibu hufanya chuma cha springi kiwe chepesi kupasuka kando ya mshono. Springi ifungwe kwa bolti, na bolti zenyewe ziwe zenye alama ya 8.8 kichwani, ambazo zina nguvu takriban mara mbili ya zile za 4.6. Vichwa vyake vizame kwenye kisu, la sivyo vitalika kabla ya kisu chenyewe, na hutapata pa kushika spana.

Upana na uzito

Upana wa bledi hupimwa ikiwa imenyooka, lakini kazi nyingi za barabara hufanywa ikiwa imegeuzwa ili udongo utiririke kuelekea upande mmoja. Bledi ya mita 1.5 ikigeuzwa nyuzi 30 hufunika mita 1.3 tu. Ya mita 1.8 hufunika karibu mita 1.56. Sasa pima trekta lako kutoka ukingo wa nje wa tairi moja la nyuma hadi wa jingine. Kama ni mita 1.4, bledi ya mita 1.5 ikigeuzwa haitafuta alama za magurudumu yako mwenyewe. Kanuni ni kuchagua bledi ambayo hata ikigeuzwa nyuzi 30 bado inazidi upana wa matairi kidogo. Zaidi ya hapo unaongeza mkono wa wenzo unaoivunja pini.

Uzito una pande mbili. Bledi nyepesi hurukaruka juu ya moramu kavu na kuacha mawimbi; nzito hutulia na kukata. Bledi nyepesi za mita 1.5 mara nyingi hazifiki kilo 150, na zile nzito za mita 1.8 huzidi kilo 200 kwa urahisi. Lakini uzito huo unaning'inia nyuma ya matairi, na unapoinua bledi magurudumu ya mbele hupungukiwa mzigo. Inapendekezwa angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta ibaki mbele, ili usukani ufanye kazi. Panda mteremko na bledi iliyoinuliwa juu bila vyuma vya uzito mbele, na utagundua usukani unageuka bure. Soma pia uwezo wa trekta wa kuinua: watengenezaji wengi huutaja kwa umbali wa milimita 610 nyuma ya mikono, na bledi ndefu kwenda nyuma hukaa mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo uwezo halisi ni mdogo kuliko ulioandikwa kwenye kitabu.

Marekebisho yanayohitajika kweli

Kila kiungo kinachosogea kinaweza kulegea. Kwa hiyo swali zuri kwa mwenye trekta dogo ni bledi yake inahitaji kusogea kwa namna ngapi. Kugeuza kushoto na kulia ni lazima. Kusogeza bledi yote pembeni ni muhimu kama utachonga mitaro, kwa sababu hukuwezesha kukata ukingo bila kutumbukiza tairi mtaroni. Kuinamisha upande mmoja ndiyo siri ya kujenga mgongo wa barabara, ila matrekta mengi yana mpini wa kuzungusha kwenye mkono wa kulia wa kunyanyulia, unaoinua au kushusha upande huo. Kama wako una mpini huo na unazunguka, unaweza kununua bledi isiyo na kiungo cha kuinamia, na ukabaki na fremu ngumu zaidi kwa fedha ile ile.

Bledi za haidroli zinazogeuzwa kutoka kitini zinarahisisha kazi ya kutwa nzima. Zinahitaji trekta lenye matundu ya ziada ya mafuta, mipira isiyovuja na fundi anayejua sili. Kwa shamba linalotengeneza barabara mara chache kwa mwaka, pini na spana zinatosha na hazivuji.

Kuna pia bledi ya sanduku, yenye kuta mbili za pembeni na meno ya kuchimbua mbele. Ni bora kwa kubeba udongo na kusawazisha uwanja. Kwa kuchonga mitaro na kuinua mgongo wa barabara, bledi ya kawaida inayogeuka inaishinda.

Kununua au kuchongesha

Kuna bledi zinazoagizwa kutoka nje na zile za mafundi wa Gerezani, Kamukunji au Katwe. Ya nje mara nyingi huja na chuma cha daraja linalojulikana na kisu kilichotiwa ugumu kiwandani. Udhaifu wake uko kwenye vipuri. Kabla ya kulipa, uliza kisu cha pili kitapatikana wapi, na pima umbali kati ya matundu ya bolti. Kama vipimo ni vya ajabu na muuzaji hana kisu cha akiba, panga mapema fundi atakayekutobolea kingine.

Ya fundi wa nyumbani ina faida ambayo haipimwi dukani: aliyeiunda yuko karibu na anaweza kuifungua. Nchini Tanzania, taasisi kama SIDO, iliyoanzishwa 1973, na CAMARTEC ya Arusha, iliyoanzishwa 1981, zipo kwa ajili ya kuinua kazi ya aina hii, na mkulima ana haki ya kudai kiwango. Agiza kwa maandishi: bomba la mraba kwa boriti, mshono wa weldi pande zote mbili, mabamba ya pembetatu ya kuimarisha kwenye viungo, bushi kwenye pini kuu, kisu cha bolti kinachogeuzwa, na pini za daraja la trekta lako. Fundi akikubali yote hayo, mlipe inavyostahili. Kumbana bei fundi mzuri kunamlazimisha apunguze chuma pale usipoona.

Bledi iliyotumika ikaguliwe kwa mpangilio huo huo. Tikisa bledi kwa mkono na utazame mchezo wa pini kuu. Angalia matundu yaliyopanuka kuwa umbo la yai. Tafuta mistari myembamba ya kutu inayopenya rangi kando ya mishono, maana hapo kuna ufa. Rangi mpya juu ya bledi kuukuu iamshe maswali.

Mkono wa dereva

Uimara ulionunuliwa unaweza kupotea kwa wiki moja ya matumizi mabaya. Barabara ikiwa kavu na ngumu, ichimbue kwanza kwa jembe la diski au meno, kisha bledi isambaze. Wakati bora ni siku chache baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu lakini haunati. Hapo kisu hulika taratibu na udongo hushikana tena. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, subiri zaidi. Ukiingia mapema, udongo huganda kwenye bamba.

Mwendo uwe wa mtu anayetembea. Mawimbi ya barabara yakatwe hadi chini ya mabonde yake, kwa kuwa ukijaza mabonde tu yanarudi baada ya magari machache. Mgongo wa barabara ya udongo unapaswa kupanda kwa asilimia 4 hadi 6. Kwa njia ya upana wa mita 4, asilimia 5 ni sentimita 10 katikati juu ya kingo. Kusawazisha barabara iwe kama meza ni kuyaalika maji yalale juu yake.

Kurudi nyuma huku ukisukuma lundo kubwa kwa bledi ni hatari zaidi kwa mikono ya trekta, ambayo iliundwa hasa kwa kuvuta. Sukuma kidogo kidogo, na minyororo ya kuzuia kuyumba iwe imekazwa. Baada ya saa za kwanza za kazi na kisu kipya, kaza bolti zote tena. Geuza kisu kabla ukingo wake haujafika karibu na bamba. Kuchelewa siku moja kwenye moramu kunaweza kula bamba ambalo halina mbadala.

Fedha iende wapi kwanza

Nikipanga matumizi ya mnunuzi mwenye fedha za kiasi, naanza na sahani pana yenye pini iliyoshikwa juu na chini, pamoja na boriti ya bomba. Pili, kisu cha chuma kigumu kinachogeuzwa, na cha pili cha akiba siku ile ile ya kununua. Tatu, upana unaofunika matairi bledi ikiwa imegeuzwa. Unene wa bamba uje nyuma ya hayo, na haidroli mwisho kabisa.

Na kama fedha hazitoshi bledi ya namna hiyo, ushauri wangu si kushuka kwenye bledi dhaifu. Bledi hufanya kazi siku chache kwa mwaka, kwa hiyo majirani wanaotumia njia moja, au chama cha ushirika chenye kituo kimoja cha kukusanyia maziwa au majani, wanaweza kumiliki moja nzuri kwa pamoja. Waweke mtu mmoja wa kuitunza, waandike nani analipia kisu kikiisha, na wakubaliane zamu kabla ya masika. Barabara inayopita mashamba kumi haina sababu ya kutengenezwa kwa bledi kumi mbovu.